Kamera Isiyofichika

Juzi msichana mmoja katika kikundi chetu cha wanawake wapigapicha wa Eastlands aliniandikia kwenye simu: "Auntie Mwende, niaje. Nisaidie hapa. Ninunue DSLR ya kuanzia ama hizi kamera ndogo za mfukoni za kitambo? Hizi ndogo ndio zimerudi, wasee wote wanazo." Nilikuwa na jibu la mstari mmoja. Sikulituma. Majibu ya mstari mmoja kuhusu kamera kwa kawaida huandikwa na mtu anayeuza kamera, na sitaki kuhesabiwa katika kundi hilo baada ya kazi ya miaka yote hii.

Nimestaafu mwaka huu kwa sababu bega la kulia limekataa kubeba uzito. Muda ninao. Basi nitaeleza jinsi mimi nilivyochagua kati ya hizo mbili, na jinsi uchaguzi huo ulivyokuja kuhojiwa sebuleni mwa watu huko Majengo, mbele ya wanawake waliokuwa tayari kunifukuza. Anayesoma ataamua mwenyewe. Ningemshauri asiniamini haraka.

Nilizaliwa Ziwani. Baba alikuwa dereva wa lori, na nilipomaliza shule alinipeleka kwa Mzee Kilonzo, mtu wa kwao, aliyekuwa na studio ya picha za pasipoti si mbali na kwetu. Kilonzo alikuwa mchonga vinyago kabla ya kushika kamera, na aliutazama uso wa mteja kama gogo: aliuzunguka kwanza, akitafuta mahali pa kuanzia. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa kamera. Alinipa kitambaa nikafuta kiti cha wateja, kisha akanikalisha juu yake, akaniwashia taa usoni, akaenda kunywa chai. Aliporudi nilikuwa natokwa na jasho.

"Unasikiaje?" akaniuliza.

"Kama nimeshikwa na polisi."

"Haya. Kila anayekalia hicho kiti anasikia hivyo. Usisahau."

Hilo ndilo somo pekee alilonipa kwa maneno. Mengine nilijisomea. Nilinunua kwa wauza vitabu wa barabarani vijitabu vya maelezo ya kamera ambazo sikuwa nazo, nikavisoma na kamusi pembeni. Vijitabu hivyo huandikwa na watu ambao hawajawahi kupiga picha katika chumba chenye kitanda, kabati, jiko na wageni wa ubatizo kwa pamoja, kwa hiyo kila sentensi niliijaribu kabla ya kuikubali. Nyingine hadi leo sijazikubali.

Wateja wetu wengi walitoka Majengo, hapo Pumwani, kwa miguu. Siku moja aliingia mama mmoja wa makamo aliyevaa buibui, akitaka picha ya pasipoti. Alikuwa Bi Zuhura. Baadaye nilijua kwamba yeye ni somo, yaani mwanamke anayemfunda bibi harusi na kumsimamia hadi anapokabidhiwa kwa mumewe. Alingoja mpaka Kilonzo akatoka nje, akaninong'oneza.

"Mwanangu, hizi picha unaziosha wewe?"

"Hapana, bibi. Tunapeleka filamu mjini."

"Na huko mjini wanaoosha ni wanawake?"

"Ni wanaume."

"Basi," akasema, akakunja shela yake. Nilidhani nimemkosea. Alikuwa akinipima tu. Alinieleza kwamba kwao siku ya kupamba, wanawake wakikutana kumshangilia bibi harusi, wanafunga mlango na kuvua mabuibui. Wanavaa dhahabu, wanatia hina, wanacheza, na hakuna mwanamume anayeona. Kwa hiyo hakuna picha. "Filamu inapita mikononi mwa watu," akasema. "Tunachobaki nacho ni harufu ya udi kwenye mapazia. Nayo inatoka ukifua."

Miaka ilipita. Kilonzo alizeeka, studio ikafungwa, nami nikawa napiga harusi za kanisa na mahafali ya shule za chekechea kwa kamera ya filamu. Nilikuwa nimehamia Donholm Bi Zuhura aliponitafuta, akanipata kwa kuuliza mtu baada ya mtu, jambo ambalo peke yake lilitosha kunitia shaka.

"Nimesikia kuna kamera ambayo haioshwi," akasema. "Ni kweli au ni maneno ya watu?"

"Ni kweli. Picha inakaa kwenye kadi, ndogo kama ukucha."

"Na ile kadi nikiishika mkononi, picha nimezishika zote?"

"Zote."

"Basi nunua. Kazi ninayo."

Sasa nifike kwenye swali la msichana wetu. Nilishuka mjini, kwenye barabara ile ya maduka ya umeme ambako kila mlango una kijana anayekuvuta mkono. Nilikuwa nimejiandaa. Kijana wa duka la kwanza aliniwekea kwenye kaunta kamera ya rangi ya fedha, nyembamba kama pakiti ya sigara.

"Madam, hii ndio mpango. Megapikseli ni mob kuliko hiyo kubwa. Unaweka kwa handbag, unatoka ukiwa smart."

"Sensa yake ni kubwa kiasi gani?"

"Sensa? Hii inasensi kila kitu, madam."

Sensa ni kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga; hakukijua. Nikamwomba anipungie mkono, nami nimpige picha. Alipunga. Nilipobonyeza, kamera ilifikiri kwanza. Picha ilipotoka mkono ulikuwa umeshashuka, na kijana alikuwa akimtazama mteja mwingine. Ilikuwa picha ya kweli ya uhusiano wetu.

DSLR ya kuanzia, ile ya bei ya chini yenye kioo ndani na lenzi ya kutoa, niliipata duka la tatu. Ilikuwa nzito, ya plastiki, na mwenye duka aliisifu sana hata nikaanza kuichukia. Niliangalia kama boksi limefunguliwa. Lilikuwa limefunguliwa. Niliangalia kama namba iliyo chini ya kamera ni ile iliyo kwenye boksi. Haikuwa. Nikatoka bila kununua chochote, na huo ndio ushauri wangu kwa ziara ya kwanza ya duka lolote.

Badala yake niliazima. Mwalimu jirani yangu alikuwa na ndogo. Mpigapicha wa kanisa letu alikuwa na kubwa, naye alinipa, kisha akaifuata hadi mlangoni mwangu na kubaki amesimama hapo nje. Nikafunga mapazia ya sebule, nikawasha balbu moja, na kumkalisha Mama Nekesa, jirani yangu kutoka Bungoma, awe bibi harusi. Nilimfunika leso kichwani na kumpa thamosi ya chai aishike kama shada la maua.

"Mwende, mzee wangu akirudi akute hivi atasema nini?"

"Mwambie unaolewa tena."

"Na nani? Na hii thamosi?" Akacheka mpaka leso ikaanguka.

Kicheko hicho ndicho nilichokitaka. Kamera ndogo ilikikosa: nilibonyeza akicheka, ikanasa mdomo uliokwisha fungwa. Kwenye giza ilitoa chembechembe kama unga wa wimbi. Flashi yake ilimtia macho mekundu na kumpausha paji la uso. Lakini ilikuwa na sifa moja niliyoiandika na kuipigia mstari: kila kitu kilionekana sawasawa, karibu na mbali. Mama Nekesa, thamosi, kalenda ya ukutani nyuma yake, hata sufuria jikoni, vyote vilisomeka. Kubwa ilinasa kicheko chenyewe, meno na yote, na ngozi yake ilitoka rangi yake. Ila kwa ukaribu ule, chochote kilichokuwa nyuma yake kiligeuka ukungu. Kalenda ilikuwa doa jeupe tu. Na kila nilipobonyeza ililia klak, kwa sauti ya mlango wa kabati.

Pamoja na hayo, nilielekea kuchukua ndogo. Sitaki kuwadanganya. Mwanamke anayetembea peke yake kutoka Majengo jioni na mfuko mkubwa mweusi begani anatangaza alichobeba. Ndogo ingekaa ndani ya mkoba chini ya leso, na hakuna ambaye angejua. Nilimpelekea Bi Zuhura zote mbili azione, nikitarajia anisifu kwa busara yangu.

Aliishika ile ndogo, akaigeuzageuza. "Ukitaka kuificha hii unaiweka wapi?"

"Popote, bibi."

"Kwenye sidiria inaingia?"

"Inaingia."

"Na ikipiga inalia?"

"Sauti yake unaweza kuizima."

Akaniwekea mapajani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Ndiyo maana siitaki. Lete hiyo nyingine." Aliiinua kubwa kwa mikono miwili, akabonyeza. Klak. Akatabasamu. "Hii, mwanamke akipigwa anajua amepigwa. Asipotaka atasema futa. Na wewe huwezi kuiingiza popote bila mimi kuiona. Nunua hii."

Nilinunua hiyo. Nimesoma makala nyingi zinazolinganisha aina hizi mbili, na hakuna hata moja iliyouliza swali la Bi Zuhura. Nazishuku zote.

Tukaweka utaratibu. Mlangoni Bi Zuhura alikaa na kikapu cha ukindu. Kila mgeni aliacha simu yake humo na kupapaswa kidogo kiunoni. Mimi niliingia na kadi tupu, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera kwamba hamna kitu. Mwisho wa sherehe niliitoa mbele yake, ikabaki kwa mama wa bibi harusi. Nilirudi siku nyingine na kompyuta yangu na mashine ndogo ya kuchapisha, nikafanya kazi yote humo humo nyumbani mwao, na nilipoondoka walihakikisha sijabeba hata picha moja. Watu wa mjini waliniambia ni utaratibu wa kitumwa. Mimi niliupenda. Ukishukiwa tangu mlangoni, hakuna anayepata nafasi ya kuanza kukushuku baadaye. Ndivyo nilivyoamini.

Kwa faida ya wanaoanza: hina nyeusi hunyonya mwanga na dhahabu huurudisha, kwa hiyo mkono mmoja wa bibi harusi unahitaji vipimo viwili. Elekeza flashi juu darini, si usoni. Funika vioo vya kabati kwa leso kabla hujatoa kamera, maana kioo humpiga picha mwanamke ambaye hujamwomba ruhusa. Na usikubali kubadilisha lenzi chumba kikiwa na moshi wa udi. Vumbi lake likiingia kwenye sensa utalisafisha hadi uzeeni.

Sasa ile kesi ngumu.

Msichana mmoja wa Majengo, Nasra, aliolewa. Nilipiga picha siku ya kupamba, alasiri, mapazia yamefungwa, taa zote zimewashwa. Mdogo wake, Rukia, msichana mtulivu aliyefundisha watoto madrasa, alifunga leso kiunoni akaingia katikati ya duara na kucheza chakacha. Sijawahi kuona mtu akicheza vile. Wanawake walipiga vigelegele hadi koo zikakauka. Rukia mwenyewe alikuwa ameshaposwa. Mama mkwe wake mtarajiwa, Bi Saumu, alikuwa amekaa na wazee upande wa dirishani, akipiga makofi kwa adabu. Mwisho wa shughuli nilimwachia mama mwenye nyumba, Mama Nasra, ile kadi, nikaenda zangu.

Haikupita muda nikapigiwa simu na Bi Zuhura. Hakunisalimu. "Njoo. Njoo na kamera."

Nilikuta wanawake wanne sebuleni mwa Mama Nasra. Bi Zuhura alikuwa kwenye mkeka. Mama Nasra alikuwa kwenye kochi, macho yamevimba. Bi Saumu alikuwa amekaa wima, bado na mkoba wake mapajani, kama mtu asiyenuia kukaa. Rukia alikuwa pembeni, amejifunika buibui na shela hadi machoni ingawa chumbani hamkuwa na mwanamume. Kwenye meza palikuwa na simu iliyofunikwa kwa kitambaa cha mkono.

Bi Zuhura alinieleza. Picha ya Rukia akicheza, kichwa wazi, leso kiunoni, ilikuwa ikipita simu hadi simu miongoni mwa vijana wanaokaa barazani. Kaka yake Rukia ndiye aliyeonyeshwa, akapigana, akarudi na simu ya mmoja wao.

"Nimekuja kusikia," akasema Bi Saumu. "Nikishasikia, nitajua kama posa ya mwanangu inabaki hapa au inarudi kwetu. Sitaki muuza mahamri aniletee picha ya mke wa mwanangu."

Mama Nasra akaninyooshea kidole. "Simu zote zilikuwa kikapuni. Mwenye kamera alikuwa huyu. Nani mwingine? Tumemkaribisha ndani ya stara yetu, akatuuza."

"Nilimkagua mimi mwenyewe," akasema Bi Zuhura. "Akiingia na akitoka."

"Hawa wana ujanja wao. Na yeye ana haja gani na heshima yetu? Si dini yake, si kabila letu. Keshokutwa anarudi Donholm kwake anatucheka."

Nilimkumbuka Kilonzo na kiti chake. Nilikuwa nimekikalia tena, na safari hii kazi yangu yote ilikuwa hatarini. Neno la mama mmoja wa Majengo lingefika Eastleigh kabla yangu, na hakuna mlango ambao ungefunguliwa tena. Lakini nilipomtazama Rukia, macho mawili juu ya shela, niliona kwamba mimi ningeweza kurudi kwenye mahafali ya chekechea. Yeye hakuwa na pa kurudi.

"Picha yenyewe mmeiona?" nikauliza.

"Tumeiona."

"Mmeiangalia?"

Mama Nasra akageuza uso. "Nani akae akiangalia aibu? Nilifunua, nikaona ni mwanangu, nikafunika."

"Na wewe, Bi Saumu?"

"Nilionyeshwa kwa mbali. Yatosha."

Hapo nilianza kushuku kitu. Walikuwa wanahukumu picha ambayo hakuna hata mmoja aliyeitazama. Haya iliwafumba macho wote. Niliomba niione, na Bi Zuhura akasema, "Mpe. Yeye alikuwepo, hataona jipya."

Nilikaa karibu na Rukia, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ananiruhusu. Akaitikia kwa kichwa. Nikafunua simu. Rukia alikuwa amegeukia kamera, mikono juu, anacheka. Nilimwacha, nikaikuza picha na kuivuta pembeni, kwenda nyuma yake. Mapambo ya pazia yalisomeka. Saa ya ukutani ilisomeka. Kila kitu kilikuwa wazi, karibu na mbali. Na kule nyuma kabisa, mlangoni, kulikuwa na mwanamke amesimama juu ya kigoda, mfuko mweusi begani, kamera kubwa imemfunika uso wote.

Nikamsogezea Bi Zuhura. Akavaa miwani.

"Huyu nyuma ni nani?"

"Ni mimi."

Bi Saumu akaweka mkoba chini. "Nione." Akaona. "Si ana kamera mkononi huyo?"

"Ninayo. Na kamera haiwezi kumpiga aliyeishika."

Sikueleza mambo ya sensa na ukungu. Hawakuyahitaji. Bi Zuhura alikuwa ameshageuka kutazama chumba chenyewe, maana ndicho kilekile tulichokalia. Alitazama mlango, kisha akafuata kwa kidole kutoka mlangoni, akapita katikati pale Rukia alipocheza, hadi upande wa pili.

"Basi aliyepiga alikaa dirishani," akasema.

"Dirishani tulikaa wazee," akasema Bi Saumu. Akashtuka. "Mimi nilikaa dirishani! Sasa na mimi nimo?"

"Wa dirishani sikumkagua hata mmoja," akasema Bi Zuhura taratibu, kama anayesoma maneno ya mtu mwingine. "Ningempapasaje mama wa bwana? Ningempapasaje mama mwenye nyumba?"

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilijua ni zamu yangu kusema, na nilijua pia kwamba sikuwa na ushahidi zaidi. Nikasema jambo la kweli tu: "Wakati picha hii inapigwa, mimi pia nilikuwa nikipiga kuelekea dirishani. Kadi ya siku ile sijakaa nayo. Anayo Mama Nasra." Sikusema kwamba nilikuwa nimemfokasia Rukia, na kwamba wazee wote wa dirishani wangeonekana ukungu mtupu. Hakuna aliyeniuliza.

Mama Nasra akanyanyuka, akaingia chumbani. Tulisikia kabati likifunguliwa. Aliporudi hakuwa na kadi. Alikuwa na kamera ya rangi ya fedha, nyembamba kama pakiti ya sigara, amening'iniza kamba yake kidoleni.

"Ni ya Khadija," akasema. Khadija ni dada yake aliyeolewa Muskati. "Aliniletea mwaka ule alipokuja. Safari hii hakuweza, kiuno kimemlaza kitandani. Alilia kwenye simu kwamba Nasra anaolewa na yeye haoni. Nikaiweka chini ya leso. Flashi ya huyu ilikuwa ikimulika kila wakati, mmuliko mmoja zaidi nani angeujua?"

"Na ilifikaje Muskati?" akauliza Bi Zuhura.

"Nilienda saiba, kwenye zile kompyuta za kulipia. Kijana wa pale alisema ni kubonyeza tu, inakwenda. Sikujua inakwenda na kubaki."

"Kijana!" Bi Zuhura akapiga paja. "Miaka yote hii tunakimbia waosha filamu, wewe umempelekea wa saiba kwa mkono wako!"

Rukia akafunua shela. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu niingie. "Mama. Tangu jana unasema ni auntie Mwende."

Mama Nasra akakaa sakafuni, si kwenye kochi. "Nilitaka iwe yeye," akasema. "Nilitaka sana iwe yeye."

Kwa mujibu wa haki ningeweza kusema maneno mengi hapo. Ila nilikuwa nikimtazama Bi Saumu, kwa sababu kosa sasa lilikuwa na mwenyewe, lakini picha ilikuwa bado iko huko nje, na posa ilikuwa bado mikononi mwake. Alinyoosha mkono, akachukua simu mezani. Hakuifunika. Aliipeleka karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena, na akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyotazamwa na yeyote miongoni mwetu.

"Siku ile nilikuwa nyuma ya bega la mtu, sikuona vizuri," akasema. "Kumbe unajua kucheza hivi."

Rukia hakujua kama amesifiwa au ametukanwa. Hata mimi sikujua.

"Nani aliyekufunza?"

"Mama," akasema Rukia.

Bi Saumu akamtazama Mama Nasra pale chini, akasonya, lakini si kwa hasira. Akampa Rukia simu. "Ifute. Uifute wewe, kwa kidole chako."

Rukia akaifuta. Kisha akabaki ameishika. "Na zile simu nyingine, bibi? Barazani kila mtu anayo."

Bi Saumu akachukua mkoba wake, akasimama, akatengeneza shela mbele ya kioo ambacho siku hiyo hakikuwa kimefunikwa.

"Atakayeniletea," akasema, "nitamwambia nimeshaiona. Na kwamba mkwe wangu huyo."